Stima ya Uwanja na Minazi ya Galu

Jumatatu, 19 Machi 1956

Injini ya taa za uwanja imekufa tena. Ndege ya jioni imezunguka juu yetu mara mbili, haikuona njia ya kutua, ikaenda zake Mombasa na wageni wa hoteli ndani. Kandili za mafuta tulizozipanga pembeni zilizimwa na upepo. Bwana Pelham, meneja wa uwanja huu wa ndege wa Diani, aliipiga injini teke, akaumia kidole, kisha akanitukana mimi. Mimi ni karani wake na mkalimani wake. Sikuinunua injini, sikuitengeneza, wala sikuuleta ule upepo, lakini matusi yote nimeyapokea mimi. Iko siku nitajibu.

Jumatano, 21 Machi

Dawa imepatikana. Kiwanda cha katani cha Bwana Rajabali, kule upande wa Msambweni, kina mitambo mikubwa ya umeme ambayo usiku inalala bure. Rajabali yuko tayari kutuuzia stima kwa jumla, mkataba wa miaka kumi na mitano, na kwa ajili hiyo ataagiza mtambo mwingine Ulaya. Ila anataka sahihi kabla Juni haijaisha, na ana sharti moja ambalo halegezi: njia yote ya nguzo, toka kiwandani kwake hadi hapa, iwe safi, pasiwe na mtu hata mmoja mwenye dai. Aliwahi kuburutwa mahakamani kwa ajili ya mpaka wa shamba, na ameapa hatarudi huko.

Bwana Pelham kaniahidi kwamba siku mkataba utakapotiwa sahihi nitakuwa karani mkuu. Nimerudi nyumbani nikiimba.

Jumanne, 27 Machi

Mkutano wa njia ya nguzo. Kuna njia mbili tu. Ya kwanza inafuata barabara ya pwani, mbele ya majumba ya Wazungu. Ni nyoofu, kavu, haina mti wa kukatwa. Ya pili inakata ndani, kupitia Galu.

Wenye majumba wameikataa ya kwanza. Bibi mmoja alisema hakutoka Uingereza kuja kuamka asubuhi atazame nguzo. Yeye huamka atazame bahari. Wakacheka kwa adabu, Bwana Pelham akacheka zaidi ya wote, na ramani ikageuzwa upande wa Galu. Hakuna aliyeuliza watu wa Galu huamka watazame nini. Mimi mwenyewe sikuuliza, nami nimezaliwa huko.

Jumamosi, 31 Machi

Nimekwenda Galu kwa mjomba Chirau, ndugu wa marehemu mama yangu. Shamba ambalo nguzo zitapita ni lake. Minazi iliyomo si yake: ni wakfu wa msikiti, aliiweka bibi yetu kabla hajafa, na mtunzaji wake ni Mama Mwanarusi, dada mkubwa wa mama, ambaye ndiye aliyenilea. Mafuta ya nazi hizo huwasha taa za msikiti, na Ramadhani ikifika, tui lake ndilo linalopika futari ya kila mpita njia. Hapa kwetu hilo si jambo la kueleza. Ardhi ina mwenyewe na mnazi una mwenyewe, na hata shamba likiuzwa, mnazi haufuati shamba.

Nilimsomea mjomba karatasi yote ya njia ya nguzo kwa Kiswahili, sikuruka neno. Kampuni ya uwanja inapewa njia juu ya ardhi yake, pamoja na vyote vilivyomo.

"Vyote vilivyomo ni nini?" akauliza.

"Nafikiri ni mawe na vichaka, mjomba."

"Wachukue basi, na nyoka wawachukue. Nguzo si zitapita katikati ya minazi? Nafasi ipo tele."

Tukacheka. Akatia dole gumba. Mama Mwanarusi alikuwa uani akikuna nazi. Alituletea kahawa, akaniuliza mbona nimekonda.

Jumatatu, 2 Aprili

Mvua.

Alhamisi, 5 Aprili

Mvua. Injini imekufa. Bwana kavunja kikombe.

Ijumaa, 13 Aprili

Mwezi umeandama jana. Leo funga ya kwanza. Bwana Pelham ananiuliza kila baada ya saa kama sijihisi mgonjwa, kisha ananituma juani.

Jumatano, 18 Aprili

Nina hasira mpaka kalamu inatoboa karatasi.

Mama Mwanarusi amekuja uwanjani. Ametoka Galu kwa miguu, kwenye mvua, na funga mdomoni, buibui limelowa hadi magotini. Bwana Pelham alikuwa na wageni wawili kutoka Nairobi. Nilimkimbilia mlangoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba yako iweke. Nani aliyeipaka rangi nyekundu minazi ya msikiti?"

Nilijua ni mpimaji, lakini sikujua kwamba rangi maana yake ni kukatwa. Nilikwenda kumuuliza bwana. Akatoa ile karatasi kabatini, akaigonga kwa kidole: ardhi na vyote vilivyomo, na dole la mwenye shamba hili hapa. Nguzo ziko katikati, sawa, lakini waya hauwezi kupita chini ya makuti, kwa hiyo safu nzima inaondoka. Nikamweleza kwamba mwenye shamba si mwenye minazi. Akanitazama kama niliyemwambia kwamba ukuta una mwenyewe na dirisha lina mwenyewe.

"Mti umeota ardhini," akasema. "Ardhi ametoa. Upuuzi gani huu?"

Nikatoka nikamfasiria mama. Hakupandisha sauti.

"Muulize. Yeye hii nyumba anayoishi kapanga?"

Amepanga, nikamwambia.

"Na kitanda anacholalia kimekuja naye?"

Ndiyo.

"Mwenye nyumba akimuuzia mtu nyumba, kitanda chake kinakwenda?"

Swali hilo sikulifasiri. Wageni walikuwa wakitazama, na mimi aibu imenishika. Nikamwambia, Mungu anione, nikamwambia mama aliyenilea: "Mama, rudi nyumbani. Hii ni minazi tu, na ule ni mkataba wa miaka kumi na mitano. Usiniharibie kazi."

"Minazi tu," akasema, akaondoka. Nikatoa mwavuli wa ofisi nikamfuata nao, akakataa kuushika.

Mbona ni mkaidi hivi! Kila mtu katia dole, kutoka kiwandani hadi hapa, anabaki yeye. Bwana amenipa siku chache "nimlainishe mama yangu". Neno lake hilo.

Alhamisi, 19 Aprili

Hasira yangu kwa mama haijesha, lakini imeanza kunigeukia. Usingizi sikupata.

Ile karatasi niliisoma mimi. Nilisema "vyote vilivyomo" kwa kinywa changu, na si mimi wala mjomba aliyeona mnazi pale. Angekuwa mtu wa bara, angekuwa Mhindi, angekuwa mtoto wa shule wa Nairobi, angeuliza papo hapo: na minazi je? Sisi hatukuuliza, maana katika vichwa vyetu mnazi haumo katika ardhi hata ukiwa umesimama juu yake. Kosa hili asingelifanya mtu yeyote isipokuwa sisi.

Ijumaa, 27 Aprili

Nimesali Ijumaa Galu. Mjomba Chirau, ambaye tangu nipate akili namwona safu ya mbele, leo kakaa mlangoni penye viatu. Watu wameitikia salamu yangu kwa nusu mdomo. Baada ya sala mjomba alinishika mkono.

"Waambie mimi nilitoa mchanga," akasema. "Kila nikiwaambia hawanisikii. Nilitoa mchanga, Sefu. Wewe ulikuwapo."

"Nilikuwapo, mjomba."

"Basi waambie."

Niliwaambia. Mzee mmoja akajibu kwamba karatasi ikishaliwa na Mzungu haitapikwi. Sasa namkasirikia na huyo mzee.

Jumatatu, 30 Aprili

Nimemwandikia Bwana Pelham kwamba minazi ni mali ya msikiti na mjomba hana uwezo wa kuitoa. Kaisoma, kaikunja, kaifanya kitako cha kikombe chake.

Jumanne, 1 Mei

Mvua.

Alhamisi, 3 Mei

Mvua ilikatika asubuhi. Laiti isingekatika.

Saa tano dereva wa lori akaja kuchukua mafuta, akaniambia kwamba anatoka Galu na kazi huko inakwenda vizuri. Nikamuuliza kazi gani. Hakumaliza kujibu, mimi nilikuwa nimeshaitoa baiskeli ya ofisi bila ruhusa. Matope yalinikamata njiani, nikaitupa baiskeli vichakani, nikaenda mbio.

Nilianza kusikia kabla sijaona. Mnazi ukianguka hautoi kishindo tu. Makuti yanapiga hewa kwanza, kisha ardhi inatikisika mpaka ndani ya kifua. Nilisikia mmoja, nikasikia mwingine. Nilipofika safu nzima ilikuwa chini. Ile mirefu ambayo nilikatazwa kuipanda nikiwa mdogo, na ile mifupi niliyoruhusiwa, yote imelala upande mmoja, nazi zimetawanyika majini, na vibarua wamekaa juu ya shina wanakula kichilema, ule moyo mweupe wa mnazi ambao hauliwi mpaka mnazi ufe. Mmoja alinikatia kipande akanipa kwa ukarimu. Si wa hapa, hajui wakfu, hajui kwamba nimefunga. Ametumwa. Hata kumkasirikia nimeshindwa, na hilo limeniudhi zaidi.

Mama Mwanarusi alikuwa amesimama pembeni, mtungi mkononi, kama aliyekuwa akienda kisimani akasahau. Hakulia, hakulaani. Mjomba Chirau ndiye aliyekuwa akilia, mtu mzima, amekaa matopeni, anakusanya nazi moja moja anazipanga kama anayetaka kumwonyesha mtu kwamba hakuna iliyopotea.

Nilimwendea mama, nikafungua mdomo.

"Usiseme," akasema. "Futari ya leo ina tui. Ya kesho pia ina tui, nazi zote si hizi hapa. Baada ya hapo tutaona."

Nilirudi uwanjani na matope mpaka usoni. Niliingia ofisini bila kubisha, mara yangu ya kwanza.

"Ulisema utanipa siku nimlainishe," nikamwambia bwana.

"Nilikupa. Hukumlainisha. Rajabali anakuja kesho kukagua njia, na lazima aione safi." Kisha akatazama sakafu. "Unachafua zulia."

Namchukia. Nimekaa miaka mitatu nikijiambia kwamba ni mkali kwa sababu ya kazi, kwamba ndani ana moyo. Leo nimeandika hapa ili nisije nikajisahaulisha: namchukia, na mshahara wake ninaula.

Ijumaa, 4 Mei

Rajabali amekuja. Mtu mfupi, kofia nyeusi, viatu ameviacha ndani ya gari na suruali kaikunja mwenyewe. Ametembea urefu wa safu yote ya visiki. Bwana Pelham alikuwa nyuma akieleza upana wa njia. Rajabali akaniuliza kwa Kiswahili safi:

"Hii ilikuwa ya nani?"

"Ya msikiti, bwana. Wakfu."

"Na bwana wako alijua kabla ya kukata?"

"Nilimwandikia."

Akavuta pumzi. "Mimi pia ni Muislamu," akasema. "Nguzo zangu haziwezi kupita hapa."

Pelham akauliza anasema nini. Nikamfasiria kwa furaha ambayo sikuificha. Alipata rangi ya pilipili. Nimefuturu leo kwa raha, nikimwombea Rajabali umri mrefu.

Jumamosi, 12 Mei

Iddi. Nimekwenda Galu na kanzu mpya. Kwa mama nilipewa kahawa na mkono wa Iddi, basi. Watoto wa madrasa walikuwa wakirukaruka juu ya visiki.

Alhamisi, 17 Mei

Naiondoa ile dua ya umri mrefu.

Rajabali hakurudi nyumbani kwake siku ile. Alipotoka Galu alikwenda moja kwa moja barabara ya pwani, akabisha hodi majumba yote ya Wazungu, moja baada ya jingine. Akawaambia kwamba nguzo zikipita mbele yao atawauzia na wao stima, taa na mafeni na majokofu. Wamekubali wote mchana mmoja. Wote! Yule bibi wa kuamka atazame bahari ameomba nguzo isogezwe karibu na jiko lake.

Leo walikutana ofisini, nami niko pale naandika. Ramani imerudishwa njia ya kwanza, nyoofu, kavu, isiyo na mti wa kukatwa. Kila mtu kafurahi. Rajabali amepata wanunuzi zaidi, Pelham atapata taa zake, Wazungu watakunywa vitu vya baridi. Nikauliza, kwa Kiingereza, bila kuulizwa: na Galu je?

"Galu ni bahati yao," Pelham akajibu. "Nguzo haziwagusi tena."

Nikamtazama Rajabali. Alikuwa akifuta miwani. Yale maneno yake ya Uislamu sikuyasikia tena, na sijui hata leo kama aliyasema kwa imani au alikuwa tayari anahesabu majumba. Labda yote mawili.

Minazi imekufa bure. Haikufa hata kwa ajili ya stima.

Ijumaa, 18 Mei

Nimemweleza mjomba. Akauliza kama nguzo zinaweza kurudishwa Galu, ili angalau iwe na maana. Nikatoka nje nikapiga ukuta ngumi. Mkono umevimba.

Jumatano, 6 Juni

Mvua. Taa ya msikiti wa Galu sasa inawashwa moja, kwa mafuta ya dukani.

Jumatatu, 18 Juni

Kumbe hayajesha. Wakili wa Rajabali amesoma mkataba na kutia kidole palepale penye lile sharti: hakuna mtu mwenye dai. Ile minazi ilikatwa kwa ajili ya mkataba huu, hata kama nguzo hazipiti. Mtunzaji wa wakfu anaweza kwenda kwa kadhi kesho au baada ya miaka kumi. Rajabali hatii sahihi wala haagizi mtambo mpaka Mama Mwanarusi atie dole kwamba amepokea fidia na hana dai juu ya yeyote.

Kwa hiyo miaka yote kumi na mitano ya stima imesimama juu ya dole gumba la bibi mmoja wa Galu. Nimecheka peke yangu chooni mpaka nikakohoa.

Jumatano, 20 Juni

Nimetumwa na bahasha. Mama hakuigusa. "Nani amekutuma?" Bwana Pelham. "Yeye miguu hana?"

Jumamosi, 23 Juni

Nimetumwa tena, bahasha imenenepa. "Nilikwambia nini?" Bwana anasema mwanamke huyu anajua biashara. Nikamwambia hapana, huyu anajua adabu. Amenikata mshahara wa siku.

Alhamisi, 28 Juni

Leo amekwenda mwenyewe, maana Juni inakwisha.

Gari lilizama nje ya kijiji, ikambidi atembee. Mama Mwanarusi alimpokea barazani pa msikiti, si kwake, na wanaume wa Galu wamekaa kwenye mikeka. Mjomba Chirau alikuwapo. Mama alimwekea Pelham kiti na akaamuru aletewe maji, maana mgeni ni mgeni.

Pelham akaanza. "Mwambie tunasikitika. Njia ilibadilishwa baadaye kwa sababu za kitaalamu, na hakuna aliyeweza kujua."

Miaka mitatu nimefasiri kila alichosema, cha haki na cha uongo, kwa kuwa mkalimani si mwenye maneno. Leo ulimi umenigomea. Nikasema: "Bwana anasema anasikitika, na njia ilibadilishwa kwa sababu za kitaalamu. Hayo ni yake. Yangu ni haya: njia ya pwani ilikuwapo tangu mwanzo. Wenye majumba hawakutaka kuziona nguzo, mkakatiwa nyinyi. Walipoahidiwa taa, wakakubali mchana mmoja. Nami nilikuwa chumbani mara zote mbili."

Pelham aliniuliza mbona Kiswahili chake kimekuwa kirefu. Nikamwambia kwa Kiingereza nilichoongeza, kila neno. Taya zake zilicheza, lakini alilihitaji lile dole, akaweka bahasha na karatasi juu ya mkeka.

Mama akasema nami taratibu, anipe nafasi ya kufasiri.

"Mwambie kama ingekuwa minazi yangu, ningechukua, maana mimi ni maskini. Lakini si yangu. Mama yangu alipoiweka wakfu aliitoa mikononi mwa watu. Ni mali ya Mwenyezi Mungu. Mimi nilikuwa naiangalia tu. Siwezi kupokea kisichokuwa changu, wala siwezi kusamehe kwa niaba ya mwenyewe."

Nikafasiri. Pelham akatazama saa yake.

"Naelewa," akasema. "Naheshimu sana. Lakini ni nani anayetia sahihi kwa niaba yake?"

Nikaifasiri hivyo hivyo, bila kuipamba. Nikasikia mikeka ikikwaruzika, watu wakigeuka kumtazama vizuri. Mama Mwanarusi hakukasirika. Ndiye peke yake pale ambaye hakukasirika.

"Mwambie hakuna," akasema. "Mwambie asihangaike kutafuta. Atakutana na mwenyewe."

Nikafasiri. Pelham akavuta pumzi, akachukua karatasi, akaikunjua juu ya goti, akanielekezea kalamu. "Basi tia wewe. Wewe ni damu yake, na unajua kuandika. Uwe shahidi kwamba alielezwa na akakubali. Kesho wewe ni karani mkuu, na tutasahau utovu wa leo."

Kalamu ilikuwa karibu na mkono wangu. Mjomba Chirau alikuwa akinitazama kutoka mlangoni, penye viatu.

Mikono nikaiweka nyuma.

"Mimi pia nitakutana naye," nikamwambia.